Mwanangu, kwanza chomoa chaja

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza nikicheka. Unasema umeitoa ile redio yangu ya masafa mafupi sandukuni, umeiweka mezani katika chumba chako kipya, umebonyeza vitufe kutoka namba ya chini hadi ya juu, na ulichoambulia ni mngurumo tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Halafu ukaniuliza: "Mama, miaka ile tukiwa ugenini, usiku kucha na hedifoni masikioni, ulikuwa unatafuta nini kwenye makelele haya?"

Swali hilo nimelingoja muda mrefu. Lakini ngoja nianze na mngurumo, maana usipoondoka utairudisha redio sandukuni kabla hujaimaliza barua hii.

Mngurumo huo hautoki mbali, umo humo humo chumbani mwako. Chaja ya simu, taa za LED, televisheni, kile kisanduku cha intaneti: ndani ya kila kimoja mna saketi inayokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa redio hicho ni kituo kidogo cha matangazo kilicho hatua mbili tu kutoka ilipo. Redio haina kosa, inamsikia aliye karibu. Basi chomoa chaja zote. Tia betri, uachane na umeme wa ukutani. Kama unaruhusiwa, zima na swichi kuu, lakini waarifu kwanza unaoishi nao. Siku moja nilimpotezea baba yako kazi ya saa mbili kwenye kompyuta, na hadi leo hajaniachia. Mngurumo ukitulia, washa kimoja kimoja mpaka umpate mchawi. Kwangu alikuwa taa ya kusomea, tena niliyoiweka mwenyewe ubavuni mwa redio ili nione namba vizuri.

Kifaa cha jirani huna uwezo nacho. Hapo utahama wewe: dirisha la upande wa pili, roshani, au uende na redio mahali pa wazi penye miti mingi kuliko nyaya. Mita tano au kumi za waya mwembamba, umeubana kwenye antena na kuupitisha dirishani, zinatosha. Ukizidisha, redio ndogo kama hiyo inalemewa, na stesheni kubwa zinaanza kujitokeza mahali ambapo si pao. Radi ikianza, uondoe. Kwenye masafa ya kati waya wala hauhitajiki: antena imo ndani, ni kijiti kilicholala, kwa hiyo geuza redio yenyewe polepole. Kuna upande itasikia vizuri, na kuna upande itakuwa kama imeziba masikio. Huo wa kuziba masikio ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaweza kumwelekezea mpiga kelele.

Halafu kuna kitu nilichosahau kukwambia ulipokuwa unafunga mizigo. Redio hiyo niliinunua upande wetu wa dunia, ambako stesheni za masafa ya kati hupishana kwa kilohezi 9 (kilohezi ndicho kipimo cha namba unazozibonyeza). Huko Amerika uliko hupishana kwa 10. Ukiiacha ilivyo, itaruka kutoka 1,008 hadi 1,017 na kumpita mtu aliyekaa 1,010 bila hata kumpungia mkono. Karibu na kifuniko cha betri kuna swichi ndogo. Isogeze kwa ncha ya kalamu.

Sasa hilo swali lako.

Nilianza kwa kutafuta nyumbani, sina sababu ya kukuficha. Tulipohama nilidhani redio ni redio: kule ilinipa taarifa ya habari ya jioni, na huku itanipa ile ile. Nilipoiwasha, namba zote nilizozijua kwa kichwa zilikuwa za watu wengine, wanaozungumza lugha nisizoweza hata kuzitaja majina. Ukiwa kwenu, stesheni ya kwenu ni kama bomba la maji, unafungua linatiririka. Humshukuru mtu wala hujiulizi maji yametoka wapi. Ukishavuka mipaka, stesheni ile ile inakuwa windo gumu kuliko yote.

Basi nikawa nawinda, na kwa majuma kadhaa sikupata kitu. Kisha usiku mmoja, kwenye mita bendi ya 31, yaani kile kipande cha masafa mafupi kati ya namba 9,400 na 9,900, nikasikia Kiswahili. Kinazama, kinaibuka, kinazama tena. Nikakaza hedifoni kwa mikono miwili. Walikuwa Deutsche Welle, Idhaa ya Kiswahili, ambayo imekuwa hewani tangu 1963. Yaani nimekwenda kutafuta kwetu, na wa kwanza kuniitikia ni Ujerumani! Baadaye nikasoma kwamba sauti zile kutoka studio zao zilikuwa zikipelekwa Kigali, ambako walikuwa na mitambo yao ya kurushia mpaka 2015, na mitambo ile ilielekezwa kwa wasikilizaji wa Afrika, wala si kwangu mimi niliyekuwa mbali kabisa na walengwa. Mimi niliokota kilichomwagika.

Usiku ule sikulala, lakini si kwa kukumbuka nyumbani. Nilikosa usingizi kwa kujiuliza: imefikaje hapa? Dunia ni mviringo na wimbi huenda moja kwa moja. Lilipaswa kupita juu ya kichwa changu na kupotelea angani.

Wasomi waliwahi kusema hivyo hivyo. Tarehe 12 Desemba 1901, Marconi, yule Mwitaliano mwanzilishi wa redio, akiwa Newfoundland, kisiwa kilichoko Kanada ya leo, na waya wake ukiwa umeinuliwa angani kwa tiara, alisema amezisikia nukta tatu za herufi S zilizorushwa kutoka Poldhu, Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000 ng'ambo ya bahari. Wapo wanaotilia shaka mpaka leo kama alizisikia kweli, maana ilikuwa mchana na masikio yake yalikuwa na hamu. (Yeyote aliyewahi kukesha na redio atamwonea huruma. Nimewahi kuapa nimesikia jina la stesheni, kesho yake nikagundua ni mlio wa jokofu.) Mwaka uliofuata wanasayansi wawili, Kennelly huko Marekani na Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kivyake, wakasema lazima juu kuna tabaka linaloyarudisha mawimbi chini. Mwanafizikia Mwingereza, Appleton, akalithibitisha kwa majaribio yaliyoanza 1924, na 1947 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Tabaka hilo ndilo ionosfea, na ukilielewa hata kidogo tu, redio yako inageuka kitu kingine. Ni hewa nyembamba iliyochangamshwa na jua. Mchana kuna sehemu yake ya chini, kilomita 60 hadi 90 kutoka ardhini, inayoyanywa mawimbi ya masafa ya kati kama mchanga unavyokunywa maji; ndiyo maana mchana husikii zaidi ya stesheni za jirani. Jua likizama sehemu hiyo hutoweka, na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, kilomita 200 na kuendelea, yakarudishwa chini, yakadunda ardhini au baharini, yakapanda tena. Kwa hiyo usiku tafuta kwenye namba ndogo, kati ya 5,900 na 6,200, au karibu na 9,400 hadi 9,900. Mchana panda juu, 15,100 na kuendelea. Saa tamu kuliko zote ni machweo na mapambazuko, hasa pale jua linapozama upande mmoja huku upande wa pili linachomoza.

Jua lenyewe lina tabia zake. Madoa yake huongezeka na kupungua katika mzunguko wa takriban miaka 11, na namba za juu huamka au kulala nayo. Likilipuka vibaya, upande wa dunia wenye mchana hunyamaza ndani ya dakika chache. Ilinitokea asubuhi moja nikiwa peke yangu. Nikabadilisha betri, nikaitikisa redio, nikaitukana (hukuwapo, bahati njema). Saa moja baadaye stesheni zikarudi moja moja kana kwamba hakuna lililotokea.

Na stesheni ya kwetu? Niliipata, katika baridi ya tatu. Ilikuwa kwenye mita bendi ya 60, ile iliyotengewa nchi za tropiki kwa matangazo yao ya ndani. Jua lilikuwa likizama upande wangu. Nikapata dakika nne za mtu akisoma majina ya watu na wale wanaowasalimia, kisha wimbo nusu, kisha mchanga mtupu. Sikumjua hata mmoja kati ya waliotajwa. Uliamka ukanikuta nimesimama, ukauliza kuna nini, nami nikakwambia hakuna kitu, rudi ulale. Naomba radhi kwa jibu lile.

Ila kufikia baridi hiyo ya tatu, mwanangu, sikuwa tena mtu wa stesheni moja. Daftari langu lilikuwa limejaa. Nilikuwa na saa ya pili mkononi iliyosetiwa UTC, saa moja inayotumika dunia nzima, kwa sababu ukisema "saa nne" atakuuliza mtu saa nne ya nani, na sisi wenye saa ya Kiswahili tunamchanganya maradufu. Niliandika tarehe, UTC, kilohezi, lugha, nilichosikia, kisha tarakimu tano za SINPO, kipimo cha usikivu wa stesheni, kila moja kati ya 1 na 5: nguvu ya sauti, kuingiliwa na stesheni nyingine, kelele, kupandapanda na kushuka, halafu hali kwa jumla. Zile dakika nne za kwetu nilizipa 24222, na nilikuwa mkarimu.

Nilikuwa nikiwaandikia hao niliowasikia. Hiyo ndiyo siri ya kadi zilizokuwa ukutani, ulizodhani ni za marafiki. Unawatumia maelezo ya kipindi yanayoonyesha kweli ulisikiliza, nao wahandisi wakiridhika wanakurudishia kadi ya uthibitisho, inaitwa QSL. Moja ilinichukua miezi kumi na moja. Ilikuja na stempu nzuri, na kwa mkono mtu ameandika "asante kwa kutusikia". Sikujua lugha yao hata neno moja; niliwatambua kwa wimbo wa kufungulia na jina la mji walilolirudia mara tatu.

Utaniambia siku hizi wengi wamezima. Ni kweli. Radio Australia, waliofungua matangazo kwa kicheko cha ndege kookaburra, waliacha masafa mafupi tarehe 31 Januari 2017, na kabla yao walikwishaondoka wengine niliowapenda. Utaniambia pia kwamba kila kitu kipo kwenye simu. Hilo nalo ni kweli, na mimi mwenyewe huingia kwenye ile redio ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambayo tangu 2008 mtu yeyote anaweza kuisikiliza kupitia intaneti na kuzungusha namba atakavyo. Naitumia kulinganisha. Lakini pale nasikia kwa antena ya mwingine, chini ya anga la Uholanzi. Ni kula samaki aliyevuliwa na mwenzio. Shibe ipo, ila ndoano haikutikisika mkononi mwako.

Kwa sheria, kusikiliza matangazo ya hadhara hakuna tatizo, lakini mawasiliano ya polisi na ya ndege yana masharti yanayotofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ulizia kabla hujayagusa. Kurusha kunataka leseni. Na mwenye nyumba mwonyeshe waya kabla hajauona mwenyewe. Wetu alidhani nimeanika kamba ya nguo nje ya utaratibu, ikanibidi nimwite ndani asikilize. Alikaa saa nzima.

Usianze na vya mbali. Anza na saa. Bonyeza 10,000 kamili. Ukishaua mngurumo, huko uliko utasikia tiki ya kila sekunde: ni WWV, kituo cha Marekani cha kutangaza saa, kutoka Fort Collins, Colorado. Kabla tu ya kila dakika mpya, mwanamume anataja saa. Ukibahatika, sekunde chache kabla yake utamsikia mwanamke, kwa mbali, akitaja saa ile ile. Yule ni WWVH, kutoka kisiwa cha Kauai, Hawaii. Wanapishana makusudi wasigongane. Ukiwasikia wote wawili, umevuka bahari bila kuinuka kitini.

Jumamosi hii, saa 12:00 UTC, nami nitakuwa hapo hapo kwenye 10,000. Huku kwangu huenda nisiwapate hao wawili. China nao hutangaza saa kwenye namba hiyo, kituo chao kinaitwa BPM, na kwangu ndio hutangulia. Sikiliza dakika kumi, andika tarakimu tano, unitumie. Na uniambie ni nani aliyekutajia saa.

Mama yako