Kwa nini Mashujaa huwa tarehe 20 Oktoba

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Siku ya Mashujaa hapa Kenya huwa tarehe 20 Oktoba, na kwa nini jina la Kenyatta liliondolewa kwenye sikukuu hiyo. Tarehe yenyewe ni ya machungu. Jioni ya siku hiyo mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari, na usiku huohuo askari wakaanza kugonga milango. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko ndio waliokuja kushtakiwa pamoja kule Kapenguria. Hao sita.

Kwa miaka mingi tuliiita Siku ya Kenyatta, na mimi naona haikuwa haki. Wale wengine watano je? Na Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni, aliyenyongwa Februari 1957? Na akina mama waliopeleka chakula msituni usiku, ambao majina yao hayakuandikwa popote?

Katiba ya 2010, kifungu cha 9, ndiyo iliyobadilisha jina ikabakiza tarehe. Kifungu hichohicho kinataja pia Madaraka, 1 Juni, na Jamhuri, 12 Desemba. Sikukuu ya Moi haikutajwa humo.