Ukitaka kilima, toka Kampala kabla hakujakucha

Juzi dada mmoja amenitumia meseji, "Kaka, Kampala imenichosha, nataka siku moja tu nitembee kilimani, nianzie wapi?" Dada yangu nimekusikia, na najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyo hiyo, wiki nzima jam, vumbi, honi za boda mpaka usingizini. Ngoja niwaambie yaliyonikuta.

Mwezi wa nne niliwakusanya wenzangu watano wa kazini tukapande kilima cha Mubende, mji ulio magharibi ya Kampala, tukauone mti wa Nakayima, mti mkubwa ambao watu huenda kuomba chini yake. Nikakubali tutoke saa tatu asubuhi kwa sababu mmoja alitaka kwanza afue nguo. Hapo ndo nilipoharibu. Busega, pale pa kutokea mjini, peke yake ilitula karibu saa nzima gari halisogei, tunafika Mubende saa nane mawingu meusi tii, na mvua ya Aprili mnaijua, ikatukuta katikati ya njia, udongo mwekundu ukawa kama sabuni, mwenzetu akateleza akateguka mguu. Tukarudi hata mti hatujauona. Jumatatu ofisini nasikia naitwa Bwana Mateso. Mpaka leo inaniuma, maana nauli ya wawili kati yao nililipa mimi na asante sikuipata.

Jumamosi iliyopita nikarudi na mpwa wangu tu. Saa kumi na moja alfajiri tuko ndani ya taksi, Busega tukapita bila kusimama, na ni kilomita 150 hivi lakini saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa Mubende tunakula chapati tulizofunga usiku. Vijana wa boda wakatuzunguka, nikawaambia hapana, leo ni miguu, ni kama kilomita 4 tu kutoka mjini.

Sasa ule mti wa Nakayima. Mizizi yake imesimama kama kuta za nyumba, kati ya ukuta na ukuta kuna vyumba ambamo watu wanakaa wanaomba. Viatu unavua kabla ya kusogea. Nikavua, udongo baridi, majani yenye umande yananigandia nyayoni, mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, mbona kimya hivi?" Nilishindwa kumjibu, koo lilikuwa limenikaba. Wanasema mti una miaka zaidi ya 400, na wazee wanakihusisha kilima kile na Wachwezi, wale watawala wa kale wa kwenye simulizi. Mimi nilihesabu miaka yangu Kampala nikaona nimechelewa sana kufika pale.

Kwa hiyo ndugu zangu, tokeni mapema. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, mawingu mara nyingi hujikusanya mchana, basi saa sita uwe umeshaanza kushuka, na giza huku kwetu linaingia saa moja jioni mwaka mzima, halimsubiri mtu. Viatu viwe na meno, raba zilizolika soli ziache nyumbani. Maji beba ya kutosha. Pale juu ni mahali pa ibada, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, usiende kuwacheka watu na imani yao. Na usibembeleze kundi kubwa! Mtu mmoja anayeamka alfajiri anakutosha kuliko watano wa kuvutwa.

Dada, wewe anza na Mubende. Na nyinyi wenzangu wa kazini, kama mnasoma hapa, bado natamani muuone ule mti.