Maandazi yanaisha, faida siioni

Swali: Asalam aleikum bi mkubwa, mie nipo Wete nauza maandazi nyumbani, kila siku yanaisha lakini ikifika Ijumaa sina kitu, na hesabu nimeziacha skuli zamani, nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salam mwanangu. Hesabu unazo, ila unahesabu unga na sukari tu, mkaa je, nazi, iliki, na yale wanayokula watoto asubuhi? Chukua daftari andika kila kinachotoka, halafu gawa kwa idadi ya maandazi, mfano umetumia 12,000 ukapata 80 basi kila moja limekula 150, ukiliuza 150 umechoma mkaa bure. Na pesa ya biashara itie kopo lake, usiichanganye na ya mboga, hapo ndo tunapozama wengi, hata mie.