Kwa Fundi Anayefunga Aisoleta ya AC kwa Mara ya Kwanza

Mara ya kwanza kupigwa na stima kazini, swichi ilikuwa imezimwa. Nilikuwa msaidizi tu wakati huo. Tulikuwa juu ya paa la ghorofa moja Kileleshwa, Nairobi, mwezi wa Februari, jua la saa saba likinichoma shingo. Feni ya kipande cha nje cha AC ilikuwa imesimama, na mimi mwenyewe ndiye niliyezima swichi ukutani. Nikafungua kifuniko, nikaingiza kidole kusogeza waya. Kilichofuata ni bisibisi kugonga mabati na mzee wangu wa kazi kuuliza, bila hata kupaza sauti, "Nani alikwambia imekufa?"

Tuliporudi kwenye bodi ya stima tulipata jibu. Ile swichi ilikuwa ya kukata waya mmoja, ya aina inayowasha taa ya sebule. Na aliyefunga kabla yetu alikuwa amepishanisha laivu, waya unaoleta stima, na nyutro, unaoirudisha. Kwa hiyo swichi ilikuwa inakata nyutro. AC inazima vizuri kabisa, maana mzunguko umekatika, lakini volti 240 zimebaki kwenye terminali, pale waya zinapokazwa, zikingoja mtu.

Ndiyo sababu aisoleta ya AC, kile kisanduku cha swichi ya kukatia stima karibu na kipande cha nje, lazima ikate waya mbili kwa pamoja, laivu na nyutro. Dukani uliza DP (double pole, yaani ya kukata waya mbili), au ile ya kuzungusha yenye kasha la plastiki lisiloingia maji, iliyoandikwa IP65. Athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, haipiti kwenye swichi kamwe, inaunganishwa moja kwa moja na kuendelea. Mwenye nyumba ana rimoti yake na breka yake ndani, yeye hana haja na kile kisanduku. Ni chako, na ni cha fundi atakayekuja baada yako kuosha kondensa (mapezi ya kutolea joto nje) au kubadilisha kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji). Ukikifunga, mfikirie huyo.

Sasa niseme jambo linalonisumbua kuhusu vijana wa siku hizi. Wengi mnajifunza kwa video za Marekani. Si vibaya, hata mimi hutazama. Lakini kule volti 240 za AC ni waya mbili zote zenye moto, kila mmoja volti 120 kwa athi, na mara nyingi hakuna nyutro kabisa. Hapa kwetu ni laivu moja yenye volti 240 pamoja na nyutro. Rangi ndizo hatari zaidi. Kule waya mweusi ni wa moto. Hapa, kwenye nyumba za zamani za Parklands au South B zenye waya nyekundu na nyeusi, mweusi ndio nyutro. Nyumba mpya zina kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro, ila ukikutana na stima ya fezi tatu, mweusi huohuo unageuka kuwa fezi. Na nyumba iliyoongezewa chumba mara mbili ina mchanganyiko wa yote. Usiamini rangi. Rangi ni maneno ya fundi aliyekutangulia, na humjui.

Kebo. Soma kibandiko cha mashine kwanza, kinachosema pale ndicho kinachotawala. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kawaida hula kilowati 1 na ushei, yaani ampea 5 hivi, na kebo ya 2.5, yaani milimita mraba 2.5, inaitosha. Ya BTU 24,000 hukaribia ampea 10 au kuzidi kidogo. Hapo vijana huniambia 2.5 bado inabeba, na kwa ampea ni kweli, inabeba. Lakini piga hesabu ya umbali. Kebo ya 2.5 hupoteza karibu milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Kutoka bodi ya chini hadi paani mita 30, kwa ampea 10, umepoteza volti 5.4, si neno. Ila kompresa, pampu ya gesi, ikiwa ya kawaida na si ya inveta inayoanza polepole, inapoamka huvuta mara tano hivi kwa muda mfupi. Ampea 50, mita 30, hizo ni volti 27 zimepotelea njiani. Na ikiwa ni saa mbili usiku mtaa mzima umewasha heater za kuoga, huenda hata bodini volti zenyewe hazikufika 240. Kompresa itanguruma bila kuamka, breka itaanguka, na utaambiwa umeharibu AC ya watu. Weka kebo ya 4. Breka iwe ya aina ya C, inayovumilia ule mvuto wa mwanzo, na iwe ya AC peke yake, isichangiwe na soketi za jikoni.

Kabla ya kulipa, kwaruza ncha ya kebo kwa kisu. Ikitoka nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Mahali pa kufunga aisoleta: uione ukiwa umesimama kwenye mashine, uifikie bila kuinama juu ya feni, na isiwe mbele ya hewa moto inayotoka. Isiwe nyuma ya mashine pia, maana kuna siku utahitaji kuizima haraka. Nimeshaona iliyofungwa nyuma kabisa, mtu anapenyeza mkono kama anatafuta yai chini ya kuku.

Maji ndiyo adui wa Nairobi. Kutoka Machi hadi Mei mvua haiulizi IP65 yako imeandikwaje. Nilifungua kisanduku kimoja Aprili, kinameta kwa nje kama jana kimetoka dukani. Ndani maji yalikuwa yamejaa hadi nusu, terminali za chini zimeota kijani, na mjusi amekufia pembeni. Fundi alikuwa ametoboa juu kwa sababu paipu ya waya ilikuwa inatoka juu. Kisanduku kilikuwa kizima, ila tundu lile lilikuwa mdomo wa mtungi. Toboa chini, tumia glandi, kile kifungo cha tundu, inayobana kebo sawasawa, na iache kebo ishuke kidogo chini ya kisanduku kisha ipande kuingia, ili tone la maji lidondoke lisifuate waya. Hapa kwetu watu huwasha AC Januari hadi Machi halafu huisahau mwaka mzima, kwa hiyo sisimizi na mijusi wana muda wa kutosha kuhamia. Tundu lolote usilotumia, lizibe.

Kwenye terminali zenyewe usiwe na haraka. Waya wa nyuzi nyingi uvishe kikofia cha shaba na ukibane, usiusokote tu na kuuchomeka. Kaza skrubu, kisha shika kila waya na uuvute. Ukitoka, umelegea. Skrubu iliyolegea haikuangushi siku hiyo. Inapata moto polepole, plastiki inageuka rangi ya chai, na siku moja mwenye nyumba anasikia harufu. Stima ya bodini iingie upande mmoja, ya kwenda kwenye mashine itoke upande wa pili, kama kisanduku kilivyoandikwa. Na kumbuka: hata ukizungusha aisoleta kwenye OFF, upande wa kuingilia bado uko hai. Ukitaka kufanya kazi ndani ya aisoleta yenyewe, shuka ukazime breka.

Kupima kuwa imekufa ni hatua tatu, na wengi hufanya ya katikati tu. Pima multimita kwenye stima unayojua iko hai, uone 240. Halafu pima pale unapotaka kugusa: laivu kwa nyutro, laivu kwa athi, nyutro kwa athi. Hiyo ya mwisho ndiyo ingeniokoa Kileleshwa. Kisha rudi kwenye stima hai uhakikishe mita haikufa betri hapo katikati. Tesita ya bisibisi yenye taa ndogo ndani iache nyumbani. Kama ni inveta, kapasita zake hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima, kwa hiyo subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha upime kabla ya kugusa.

Halafu kufuli. Aisoleta nyingi za kuzungusha zina tundu la kufuli, na karibu hakuna anayelitumia. Niko paani siku moja nikasikia feni imeanza kuzunguka karibu na mkono wangu. Keateka, mtunzaji wa jengo, alikuwa amepita, akaona imezimwa, akadhani anawasaidia wapangaji. Hakuwa na makosa, hakuna aliyemwambia. Kufuli ndogo ya shilingi mia tatu, ufunguo mfukoni.

Leseni: chini ya Sheria ya Nishati ya 2019 kazi hii ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Kama bado uko kwenye mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, fanya chini ya mwenye nayo na ujifunze macho yake, si mikono yake tu.

Ukishawasha, iache AC ikimbie robo saa, kisha bana klampu mita, ile inayopima ampea kwa kuzunguka waya, kwenye laivu. Ile ampea utakayoisoma iandike kwa maka ndani ya kifuniko cha aisoleta, pamoja na tarehe na namba ya breka bodini. Kuna moja Kilimani niliandika 4.8. Nikaitwa miaka miwili baadaye, mama anasema haipoi tena. Nikafungua kifuniko, nikasoma mwandiko wangu, nikapima: 6.9. Kondensa ilikuwa imeziba kwa vumbi la mjengo wa jirani. Nikazima, nikafunga kufuli, nikaomba ndoo ya maji.