Picha ile mzee aliikataa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mgeni mwenye kamera aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha njiani. Swali limenikera kidogo, kwani naona mmemfikiria mtalii wa Ulaya peke yake. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, na kila nikivuka na boti kwenda Unguja nikaingia Mji Mkongwe na kamera shingoni, watoto hunipigia "jambo" vilevile.

Kwa wanawake na watoto sina la kubishana: aombe, na akikataliwa aende zake. Kwa wazee wa baraza, siku zote nimeshikilia kwamba ruhusa huua picha.

Alasiri moja nilipita Jaws Corner, kibaraza cha kahawa humo Mji Mkongwe, jua limeshaacha kupiga wima vichochoroni na kuta nyeupe hazinitatizi tena kupima mwanga. Wazee walikuwa wameizunguka meza ya dhumna, muuza kahawa ameliinamia dele lake, makaa yamewiva chini, vikombe vimelowekwa ndooni. Nikatoa salamu, nikaomba. Wakaridhia, na papo hapo kila kitu kikaganda: mmoja akaweka kofia sawa, mwengine akafunga kifungo cha kanzu, aliyekuwa akiwakejeli wenziwe akanyamaza, mikono yote ikalala magotini. Nikapiga, nikashukuru, na moyoni nikaihesabu picha hiyo kuwa imeharibika.

Nikaketi, nikaagiza kahawa na kashata, kamera nikaipakata. Mchezo ukachangamka tena. Baadaye yule wa kifungo akanyanyua mkono juu kabisa ili aipigize kete mezani, kinywa wazi kwa kelele, na nyuma yake muuza kahawa anamimina. Nikapiga bila ya kusema kitu, wala hakuna aliyegeuka.

Nilizisafisha zote mbili, na safari iliyofuata nikawapelekea. Ile ya pili, niliyoionea fahari, ilizungushwa mezani upesi upesi. Mwenyewe akaitazama akasema, "Aka, mwanangu, ndo mie huyu, kinywa wazi hivi? Kaa nayo." Ile niliyoidharau akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaitia mfukoni, na wenziwe wakaanza kunidai zao.

Wengi wa umri ule walizoea picha za studio. Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, imo humo humo Mji Mkongwe, na studio mtu alikwenda amevaa, akakaa wima, akatoka na sura aliyoichagua. Sisi tunaopiga mitaani tunaivizia sura ambayo mwenyewe hajaipanga, kisha tunadai kwamba hiyo ndiyo ya kweli.

Basi rai yangu imelegea huku naandika. Aombe, hata kwa wazee, ingawa picha nzuri zitampita, na ingawa penye umati, kama Forodhani jioni vijana wanaporuka makachu, yaani kujitosa baharini kwa mikogo, hakuna wa kumwomba, na wao wenyewe hupenda kutazamwa. Ninalolidai kwa nguvu zaidi ni kwamba picha isafishwe, imrudie mwenyewe. Ile ya pili bado ninayo. Nikitakiwa kuiweka kwenye maonyesho, nadhani nitaiweka, maana mzee hakunikataza kuipiga, alikataa kuichukua tu. Au labda nimwulize kwanza.