Maswali yenu: Zege bichi linashikwa na nini hewani?

SWALI: Habari za kazi kaka mhandisi. Mimi ni mwalimu wa ufundi ujenzi hapa Tanga mjini, vijana wangu kufunga nondo na kumwaga zege wanajua vizuri tu ila tukifika kwenye madaraja tunakwama, nawachorea ubaoni daraja linaanzia juu ya nguzo linakwenda hewani bila mbao chini, wananiuliza mwalimu hilo zege bichi linashikwa na nini? Nasikia siku hizi kuna kufundisha kwa miwani ya VR, ile unayovaa ukajiona kama uko ndani ya picha ya kompyuta, je inasaidia kweli au ni mambo ya Ulaya tu? Na hela chuo hakina. (Mwalimu, Chumbageni)

JIBU: Nzuri mwalimu wangu, na hongera kwa kuwa na vijana wanaouliza hivyo. Inasaidia, tena kwa somo hili inasaidia sana, manake daraja likishaisha halikuonyeshi lilivyojengwa, vile vyuma vya muda vyote vimeshaondolewa. Hata ukiwapeleka Pangani kwenye ule mradi wa daraja la mita 525 la kuvuka kwenda Bweni, watakuta hatua ya siku hiyo tu, ya jana imepita na ya kesho haijafika. Kwenye modeli, yaani daraja lililochorwa kwenye kompyuta, kijana anarudisha nyuma, anazunguka, anaingia hadi ndani ya sakafu ya daraja, ambayo ni boksi la zege lenye uwazi ndani, akaangalie nyaya za chuma za kulibana zege zinapita wapi.

Sasa swali la vijana. Kwanza juu ya nguzo kinamwagwa kipande cha kuanzia, kikikomaa zinafungwa fomu (kalibu za kumwagia zege) mbili za chuma zinazotembea, moja kila upande, zimening'inia kwenye kile kilichokwisha kukauka, kwa hiyo zege bichi linabebwa na zege la zamani kupitia hicho chuma. Unamwaga kipande cha mita tatu mpaka tano huku na huku, unasubiri lipate nguvu, unavuta nyaya kwa jeki hadi kipande kipya kibanwe kwa vya nyuma, ndipo fomu inasogea mbele. Pande mbili lazima ziende pamoja, kama mzega begani, ukijaza ndoo moja tu unajua kinachotokea. Mhandisi Ulrich Finsterwalder alijenga hivyo daraja la Balduinstein kule Ujerumani mwaka 1950 hadi 1951, mita 62 juu ya mto Lahn bila kusimika kitu majini.

Na hapo ndo modeli inapolipa, kwenye mpangilio. Chuo cha Instituto Superior Técnico cha Lisbon, Ureno, walimu walitengeneza modeli ya njia hii, na nyingine ya njia ya kusukuma, ile ambayo sakafu ya daraja inamwagwa nchi kavu nyuma ya ukingo halafu inasukumwa kwa jeki ivuke nguzo moja baada ya nyingine, mbele imefungwa pua ya chuma nyepesi ili ncha isilemewe kabla haijafika nguzo inayofuata. Ubaoni hiyo ni ngumu kuielewa, kwa sababu sehemu ileile ya sakafu leo ipo juu ya nguzo na kesho ipo katikati ya uwazi, upande uliokuwa unavutwa sasa unabanwa, ila kijana akiiona inatembea anaelewa kwa nini nyaya zinawekwa juu na chini.

Kuhusu hela nakusihi usianze na miwani. Anza na modeli yenyewe, programu ya Blender ya kuchorea modeli ni ya bure, kompyuta moja na projekta vinatosha darasa zima, wape vijana wa kompyuta na wa ujenzi wachore pamoja hatua kwa hatua. Cha muhimu modeli ikatae makosa, mtu akitaka kusogeza fomu kabla hajavuta nyaya isimkubalie na imwambie kwa nini, vinginevyo mmetengeneza video tu. Na zege lenyewe haliwezi kufundishwa humo, uzito wake, joto la Tanga linavyolikausha haraka, hayo ni sait na kofia ngumu kichwani, hakuna njia ya mkato.

SWALI: Nilijaribu hiyo miwani nikapata kizunguzungu mpaka kichefuchefu, je ni ugonjwa? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Hapana ndugu yangu, inawapata wengi. Macho yanaambiwa unatembea wakati sikio la ndani, linalopima mwendo, linasema umekaa, mwili unachanganyikiwa. Kaa kwenye kiti, anza na dakika chache, na mwambie aliyetengeneza modeli aache kukusogeza mwenyewe bila wewe kutaka, akupe kitufe cha kuruka kutoka nguzo hadi nguzo. Ukianza kujisikia vibaya vua hapo hapo, usijikaze.