Maswali na Majibu: Nyuso Mbili za Kisasi Katika "I Saw the Devil"

Barua nyingi za safari hii zinahusu filamu moja, "I Saw the Devil" ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Kim Jee-woon wa Korea Kusini. Ambaye bado hajaitazama na aishie hapa, kwa kuwa sitauficha mwisho wake.

Je, ina damu nyingi?

Ndiyo, nyingi mno, na watoto wasiwekwe karibu nayo. Swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi na sitalijibu tena, kwa sababu anayekaa kuhesabu damu hupitwa na nyuso za waigizaji, na nyuso hizo ndizo filamu yenyewe.

Choi Min-sik amemfunika kabisa Lee Byung-hun. Mbona Lee amekauka kama gogo?

Msomaji huyu amerudia kosa la wengi, la kudhani kwamba anayepaza sauti ndiye anayeigiza. Choi, katika nafasi ya muuaji Jang Kyung-chul, anafoka, anatukana na kucheka kwa ustadi ambao sina nia ya kuupunguza. Kinachonitisha zaidi kwake ni ule uchovu wake, kwani anaua kama mtu anayemaliza kazi za kutwa ili akapumzike. Hata hivyo, mzigo aliobeba Lee, katika nafasi ya Soo-hyun, ni mzito zaidi. Rudieni mwanzo wa filamu: mchumba wake, Joo-yeon, amekwama garini usiku wa theluji kwa sababu ya pancha, naye Soo-hyun, afisa wa ujasusi aliye zamu, amejificha msalani ili amwimbie kwa simu. Sauti ile ya upole karibu hatuisikii tena hadi filamu inakwisha. Kyung-chul anamwua Joo-yeon, na baadaye polisi wanakiopoa kichwa chake mtoni, sanduku linawaponyoka, na kichwa kinabingirika mbele ya wapiga picha. Lee hapigi ukelele wowote. Tangu hapo anaigiza mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake, na ukimya mnaouita ukavu ni mlango aliousukuma kwa nguvu zake zote ili usifunguke. Mwigizaji dhaifu angetuonyesha machozi mapema, nasi tusingekuwa na cha kusubiri.

Kwa nini hakumwua Kyung-chul mara tu alipomkamata?

Nashindwa kuelewa mtu anatazamaje filamu nzima kisha akauliza hivi. Soo-hyun anampata muuaji mapema, anampiga hadi anazirai, anamvunja mkono, kisha anamlisha kidonge chenye kifaa cha kufuatilia mahali alipo na kunasa sauti yake, anamwachia fedha, anaondoka. Anamwachia ili amkamate tena, kwa sababu mbele ya msiba aliahidi kuyalipa maumivu ya Joo-yeon mara nyingi zaidi, na maiti haisikii maumivu. Kosa lake liko hapo hapo. Kila anapomwachia, mwanamke mwingine anaingia hatarini, na Kyung-chul anapokwisha kukitoa kile kidonge tumboni anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa wazazi wa Joo-yeon, anamjeruhi vibaya baba mtu na kumwua dada wa marehemu. Wanaomwita Soo-hyun shujaa wanaombwa wamkumbuke dada huyo, ambaye angekuwa hai kama kisasi kingekwisha siku ya kwanza.

Nitazame toleo lipi?

Bodi ya Korea Kusini inayopanga madaraja ya filamu iliipa mara mbili daraja ambalo lingeifungia nje ya kumbi za kawaida, hivyo Kim akalazimika kupunguza baadhi ya sehemu kabla haijaonyeshwa nchini humo Agosti 2010. Toleo la kimataifa lina dakika 144. Tafuteni hilo, na mlitazame kwa manukuu. Anayetazama kwa sauti zilizopachikwa na watu wengine asiniandikie kuhusu uigizaji wa Choi, kwa maana hajamsikia.

Choi alikuwa wapi baada ya "Oldboy"?

Filamu hiyo ya mwaka 2003, ambayo Choi ndiye mwigizaji wake mkuu, ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2004, na milango yote ilikuwa wazi kwake. Mwaka 2006 serikali ya Korea Kusini ilipunguza siku ambazo kumbi zililazimika kuonyesha filamu za nyumbani kutoka 146 hadi 73 kwa mwaka. Choi akaingia barabarani kupinga, akairudisha nishani aliyotunukiwa na serikali, na kwa miaka kadhaa akawa mbali na filamu kubwa. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo yoyote.

Mwishoni Soo-hyun analia au anacheka?

Analia. Kyung-chul amekwisha kumwambia kwamba yeye hajui maumivu wala hofu, na kwamba Soo-hyun ameshindwa tangu zamani. Ndipo Kyung-chul anafungwa chini ya gilotini yake mwenyewe, mashine ya kukata kichwa kwa panga linaloanguka, na wanaoufungua mlango na kuliangusha panga hilo bila kujua ni wazazi wake na mwanawe. Soo-hyun hayupo, anatembea barabarani, anasikiliza kupitia kifaa kilicho sikioni. Kamera inabaki usoni mwa Lee, mdomo unapinda kama wa mtu anayetaka kucheka, kisha kilio alichokizuia tangu kule mtoni kinatoka chote.